Tunamlipa Anayeuona Ufa, Tunamsahau Anayeuziba

Mwishoni mwa Januari 2026 mradi wa curl uliacha kuwalipa watu wanaoripoti kasoro za usalama katika programu yake. Wengi wanaoitumia curl hawalijui hata jina lake. Ni programu huria, yaani ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha, ya kuhamisha data kwenye intaneti, imekuwapo tangu 1998, na imo ndani ya simu, televisheni, magari na seva zisizohesabika. Tangu 2019 aliyeleta ripoti ya kasoro ya kweli alipewa zawadi ya fedha, na hadi katikati ya 2025 zilikuwa zimelipwa zaidi ya dola 90,000. Kisha yakaja mafuriko. Daniel Stenberg, Msweden anayeongoza mradi huo, alieleza mwaka 2025 kwamba takriban asilimia 20 ya ripoti walizopokea mwaka huo zilikuwa takataka zilizotungwa kwa akili mnemba, na kwamba ripoti zilizothibitika kuwa na kasoro ya kweli zilikuwa kama asilimia 5 tu. Watu saba wa timu ya usalama walikuwa wakipoteza saa zao kusoma uongo ulioandikwa kwa ufasaha. Mwishowe wakaamua zawadi ikome.

Hapa Kampala habari hiyo imepokelewa kwa namna mbili. Vijana wanaojifunza usalama wa mitandao, ambao wengi wao huota kuishi kwa kuwinda kasoro, wameiona kama riziki iliyofungiwa mlango. Wakubwa wao, wanaosimamia mifumo katika taasisi, wameitumia kuthibitisha walichoamini siku zote: kwamba fedha na kazi ya kujitolea havipikwi chungu kimoja, kwa hiyo anayetumia programu huria ashukuru na anyamaze. Nionavyo mimi, wote wameisoma vibaya. Kilichoshindwa kwa curl ni utaratibu wa kumlipa anayesema ameona ufa, ilhali kazi ya kuchambua neno lake na kuuziba ufa wenyewe imeachwa ifanywe kwa hisani. Fedha hazikuwa na hatia. Zilielekezwa mahali pasipo na kazi kubwa. Na sisi Uganda, ambao hospitali zetu, vyama vyetu vya akiba na vyuo vyetu vinaendeshwa kwa programu hizi kila siku, tuna deni la aina mbili ambalo hatujaanza kulilipa: ripoti iliyokamilika, na saa za kazi za yule anayerekebisha.

Aliyekulia kijijini anakijua kisima cha pampu. Mfadhili huchimba, hotuba hutolewa, utepe hukatwa, na jiwe lenye jina lake hubaki pale kwenye saruji. Baada ya miaka michache mpira wa ndani unaisha, mpini unapanda na kushuka bila maji, na akina mama wanarudi bondeni na madumu. Mpira wenyewe ni kitu kidogo. Kilichokosekana ni mtu ambaye kazi yake ni kuubadilisha na mfuko wa kumlipa. Ndiyo sababu visima vya vijijini kwetu vikawekewa kamati za watumiaji wa maji: kila kaya itoe kidogo kwa mwezi, na fundi wa pampu aitwe kabla mambo hayajaharibika. Pale kamati ilipo hai, maji yapo. Pale ilipolala, watu wanahesabu visima vilivyokufa. Hakuna kijiji kinachomlipa mtoto anayekimbia kusema maji hayatoki kisha kikamwambia fundi afanye kazi kwa ajili ya Mungu. Kwenye programu tumefanya hivyohivyo na tukauita mfumo.

Historia ya mambo haya si ndefu, ila ina mafunzo. Aprili 2014 ilitangazwa kasoro iliyopewa jina la Heartbleed katika OpenSSL, programu huria iliyokuwa ikilinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya tovuti duniani. Watu walishtuka kusikia kwamba mradi ule ulikuwa ukipata michango ya kama dola 2,000 kwa mwaka, na kwamba mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akiufanyia kazi muda wote. Kampuni kubwa zikachanga mamilioni ya dola kupitia Linux Foundation, shirika linalosaidia miradi ya programu huria, na OpenSSL ikapona. Lakini miradi mingine midogo ilibaki pale pale. Machi 2024 mhandisi wa Microsoft, Andres Freund, aliona kwamba kuingia kwenye mashine yake kwa ssh, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta kutoka mbali, kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde! Wengi wetu tungelaumu mtandao na kuendelea na chai. Yeye alifuatilia, akakuta mlango wa siri umefichwa ndani ya xz, programu ya kubana mafaili. Aliyeuweka alijiita Jia Tan, na kwa zaidi ya miaka miwili alikuwa amejifanya msaidizi mwema wa mtunzaji pekee wa mradi huo, mtu ambaye mwaka 2022 alikuwa ameandika hadharani kwamba afya yake ya akili inamsumbua na kwamba kazi hii anaifanya kwa mapenzi, bila malipo. Alipoelemewa, hakuna taasisi wala serikali iliyokuja kumpokea mzigo. Aliyekuja alikuwa mwizi.

Kisa hicho kina mambo mawili. Kwanza, ripoti bora kuliko zote za miaka hii haikuletwa na mwindaji wa zawadi. Ililetwa na mtumiaji makini aliyekuwa kazini kwake, akaona jambo si la kawaida na akachukua taabu ya kulieleza kwa ushahidi. Pili, hatari haikutokana na uhaba wa macho ya kutazama msimbo. Ilitokana na mikono miwili iliyochoka.

Sasa turudi nyumbani. Takwimu za afya za Uganda, zile fomu za HMIS 105 ambazo kila kituo hujaza kila mwezi, huingia kwenye DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Kliniki nyingi za virusi vya ukimwi hutumia UgandaEMR, iliyojengwa juu ya OpenMRS, nayo huria. U-Report ya UNICEF, inayowauliza vijana maoni yao kwa ujumbe wa simu, ilizaliwa hapa hapa Uganda mwaka 2011, nayo imejengwa kwa msimbo ulio wazi. Kwa miaka mingi mishahara ya waliotunza na kurekebisha mifumo ya namna hii ilitoka kwa wafadhili wa nje. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na kufikia tarehe 1 Julai mwaka huo USAID, shirika lake la misaada, ikawa imefungwa rasmi. Watu waliojua kwa kichwa ni wapi ripoti ya mwezi hukwama waliambiwa wafunge kompyuta zao waende nyumbani. Programu yenyewe haikuzimwa, kwa kuwa leseni huria haina wa kuinyang'anya. Lakini programu isiyo na mtunzaji ni kile kisima.

Nieleze tukio moja kwa karibu, maana kwenye maelezo ya jumla mambo haya hupotea. Chama kimoja cha akiba na mikopo mjini Arua hutumia programu huria ya hesabu. Mweka hazina wake ni mama wa makamo anayeweka daftari la mkono sambamba na kompyuta, na daftari lake halijawahi kumdanganya. Siku moja aliniita. "Mwanangu, njoo uone. Watu wameweka elfu hamsini, mashine inasema mia tano." Tatizo lilikuwa hivi: programu ilichukulia kwamba kila sarafu duniani ina tarakimu mbili za senti baada ya nukta, kwa hiyo faili la miamala ya simu lilipoingia na namba 50000, ikazigawa kwa mia. Shilingi ya Uganda haina senti. Kwenye orodha ya kimataifa ya sarafu, ISO 4217, tarakimu zake baada ya nukta ni sifuri, kama yen ya Japani. Shilingi ya Kenya inazo mbili. Dinari ya Kuwait inazo tatu.

Nilipouliza tatizo limekuwapo tangu lini, nikajua kwamba kijana wa kompyuta alikuwa ameshalipwa shilingi 150,000 kulirekebisha. Alilirekebisha vizuri, ila kwenye nakala ya kile chama tu. Programu iliposasishwa, kiraka kikafutika. Akaitwa tena, akalipwa tena. Kisha nikasikia kwamba chama kingine huko Koboko kilikuwa na tatizo lile lile na fundi wake mwingine. Ufa mmoja umelipiwa mara tatu katika wilaya mbili, na watunzaji wa programu yenyewe hawajawahi kuambiwa kwamba upo. Tuliketi na mama jioni moja tukaandika ripoti: toleo la programu, hatua moja baada ya nyingine, tulichotarajia, tulichopata, na faili la mfano lililoondolewa majina na namba za simu za wanachama. Jibu lilikuja baada ya siku tisa, kutoka kwa mtu mwenye ajira yake nyingine anayefanya kazi hii usiku. Kurekebisha mgawanyo wenyewe kulihitaji mistari michache. Wiki tatu zilizofuata zilikwenda kwenye swali gumu zaidi: vyama vilivyokwisha hifadhi hesabu zao kwa namna ya zamani vitahamishwaje bila salio la mtu kuongezeka au kupungua? Hilo ndilo linaloitwa kurekebisha, na hakuna aliyelipia hata saa moja ya kazi ile ya usiku.

Wapo wenye hoja dhidi yangu, na baadhi ya hoja zao ni nzito. Nzito kuliko zote ni kwamba kampuni tajiri ndizo zinazovuna zaidi kutokana na programu huria, kwa hiyo zilipe zenyewe. Nchi inayokopa kununua dawa isiombwe michango ya programu. Naikubali nusu yake. Ni haki kampuni hizo zibebe sehemu kubwa, na serikali tajiri pia. Ujerumani ilianzisha mfuko wa umma kwa kazi hii mwaka 2022, na curl ni miongoni mwa miradi iliyofaidika. Lakini anayelipa ndiye anayepanga foleni. Mhandisi wa Berlin au California hawezi kuamka asubuhi akaona shilingi isiyo na senti, wala mgonjwa asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa ambaye mfumo unamlazimisha kuwa amezaliwa Januari mosi, wala fomu inayopotea umeme unapokatika katikati ya kujaza. Hizo ni nyufa zetu. Tukisubiri wengine walipe, zitazibwa baada ya zao, na zao hazina mwisho. Na tukumbuke kwamba tayari tunalipa. Zile 150,000 zilitoka mfukoni mwa wanachama wa Arua. Zililipa viraka vilivyofutika.

Hoja ya pili, ya kwamba fedha huharibu moyo wa kujitolea, haifai kubezwa. Anayefanya kwa mapenzi akianza kulipwa kwa kipande anaweza kuanza kuhesabu vipande. Yaliyoikuta curl yanaonyesha hatari hiyo, na hata zawadi zinazowekwa juu ya urekebishaji zina mitego yake. Mwaka 2020 Bountysource, jukwaa lililokusanya zawadi za namna hiyo, lilitangaza kwamba zawadi zisizodaiwa kwa miaka miwili zitabaki mikononi mwake, likarudi nyuma baada ya watu kupiga kelele. Ila angalia vizuri ni malipo ya aina gani yanayoharibu. Ni yale yanayoning'inizwa juu ya tukio moja, aje yeyote, achukue, aondoke. Stenberg mwenyewe anaifanya kazi ya curl kwa mshahara tangu 2019, kwa kampuni ya wolfSSL inayouza mikataba ya msaada kwa watumiaji wa programu hiyo, na sijamsikia mtu akisema mshahara huo umemharibia moyo. Malipo ya utunzaji, yanayokuja mwezi baada ya mwezi kwa mtu anayejulikana, hufanya kinyume cha zawadi: humpa mtu sababu ya kubaki. Kwetu Buganda watu walitoka kwa bulungi bwansi kufyeka njia na kusafisha visima bila malipo, na ilikuwa sahihi. Lakini kazi ile ilikuwa ya wote kwa zamu. Pale mtu mmoja anapofyeka njia ya kijiji kizima kila Jumamosi kwa miaka kumi, huwezi tena kuiita bulungi bwansi.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika sana kwenye mikutano ya manunuzi: kwamba programu huria haina mwenyewe, kwa hiyo tununue ya kampuni, tuwe na wa kumshika shati. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja bovu la CrowdStrike, programu ya usalama inayouzwa kwa fedha nyingi, liliangusha kompyuta za Windows takriban milioni 8.5 kwa hesabu ya Microsoft yenyewe. Ndege zilibaki chini, hospitali zikaahirisha matibabu. Walioshika shati walilishika, na kompyuta zikabaki zimezima mpaka fundi alipozifikia, nyingi moja baada ya nyingine. Kuwa na mkataba si sawa na kuwa na uwezo wa kurekebisha. Tena programu iliyofungwa ina shida ya ziada kwetu: chama cha Arua hakiwezi kumpa kijana wa Arua ruhusa ya kuifungua aone kwa nini elfu hamsini imekuwa mia tano. Kitaandika barua na kusubiri, na katika foleni ya kampuni kubwa wateja wadogo wa Arua hawako mbele. Tofauti ya kweli iko kati ya programu inayotunzwa na isiyotunzwa, na kila upande una za aina zote mbili.

Nini kifanyike, basi? Sehemu ya kwanza haihitaji fedha mpya. Taasisi zetu huajiri mafundi, na wafadhili waliobaki huajiri kampuni, kwa mikataba inayosema "mfumo ufanye kazi". Liongezwe sharti moja: urekebishaji wowote wa kasoro ya programu huria urudishwe kwenye mradi wa asili, na fundi asilipwe sehemu ya mwisho mpaka aonyeshe kwamba ameuwasilisha. Kwa sasa anayeficha kiraka ana faida, kwa kuwa ataitwa tena. Simlaumu kijana wa Arua. Tumemwandikia mkataba unaomlipa kwa kurudi. Sharti hilo lingempa pia jina linaloonekana duniani kote, na kwa kijana anayetafuta kazi jina hilo lina thamani kuliko cheti cha kuwinda kasoro. Nawaambia wale waliokata tamaa kwa habari ya curl: ujuzi wenu bado unahitajika, na uhaba uko upande wa kuziba.

Sehemu ya pili ni ripoti, na hapa tuna udhaifu mkubwa. Muuguzi anaona kosa, anamwambia mwandishi wa takwimu, anayemwambia ofisa wa wilaya, anayelieleza kwenye semina, na pale linaishia. Likifika kwa mtunzaji linafika kama "mfumo hausomi", maneno ambayo hayamsaidii mtu. Ripoti nzuri ni kazi ya nusu siku, inayohitaji mtu wa kukaa na muuguzi, kumsikiliza kwa Kiswahili au Kilugbara, kulirudia kosa mpaka lijitokeze tena, kisha kuliandika kwa Kiingereza cha mafundi. Wilaya ikiwa na mtu mmoja wa kazi hiyo itawaondolea watunzaji mzigo kuliko mamia ya wawindaji wenye akili mnemba. Leseni huria zinasema wazi kwamba programu inatolewa bila dhamana. Hatuna haki ya kumfokea mtu aliyetupa kitu bure. Ripoti iliyokamilika ndiyo namna ya kuomba kwa heshima.

Sehemu ya tatu ni fedha zenyewe, na kikwazo chake si umaskini. Vyama 100 vikitoa shilingi 20,000 kila kimoja kwa mwezi, ni milioni 2 kwa mwezi, milioni 24 kwa mwaka: inatosha kununua siku nyingi za kazi za mtunzaji, au kumlipa msanidi wa hapa nchini afanye naye. Kikwazo ni karatasi na njia. Mkaguzi wa hesabu akiona "mchango kwa programu ya bure" atauliza kwa nini mmelipia kitu cha bure, na kwa sheria zetu za manunuzi ya umma ana haki ya kuuliza. Akiona "huduma ya matengenezo", yenye ankara na saa za kazi, ataipitisha kama anavyopitisha matengenezo ya jenereta. Muungano wa vyama vya akiba au chuo kikuu unaweza kusimama katikati, ukakusanya kidogo kidogo kwa shilingi na kusaini mkataba mmoja na watunzaji wa mradi.

Njia hiyo haipo bado, na niligundua hivyo siku sasisho lilipofika Arua. Mama aliingiza faili la miamala, akaliweka daftari lake pembeni ya kioo, akapitisha kidole mstari kwa mstari mpaka chini. Elfu hamsini ilikuwa elfu hamsini. Kisha akachukua simu yake. "Huyo mtu ana namba gani? Nimtumie kitu cha chai." Nikamweleza kwamba yuko ng'ambo na mradi wake hupokea kwa kadi ya benki tu, kadi ambayo chama hakina. Akaiweka simu mezani, akafungua daftari ukurasa wa mwisho, akaandika: fundi wa programu, 20,000, bado.